Kununua Gari Lililotumika Ukiwa Ugenini

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wahitimu na wanafunzi siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Katibu aliponipigia simu alitaka nizungumze habari za Ulaya kwa jumla. Nikamjibu kwamba habari za Ulaya ni nyingi mno, na nyingine hazifai kusemwa mbele ya walimu. Tukakubaliana nizungumze jambo moja ninalolijua kwa gharama yangu mwenyewe, nalo ni kununua gari lililotumika ukiwa mgeni katika nchi ya watu. Nchi yenyewe ni Uingereza, maana huko ndiko niliko tangu Oktoba 2015. Ya Marekani na ya Ujerumani yana wenyewe, nao wakialikwa watayasema.

Nianze hapa hapa shuleni. Nilipoingia Kidato cha Kwanza sikuwa na ndoo, kwa kuwa ile niliyotoka nayo nyumbani ilipasuka juu ya basi. Juma la pili kaka mmoja wa Kidato cha Nne akaniuzia ya kwake, ya bati, nzuri, kwa shilingi 500. Nilifurahi siku tatu. Siku ya nne, tukiwa katika foleni ya maji, kijana wa bweni la jirani akaipindua ile ndoo na kutuonyesha herufi mbili zilizochorwa kwa msumari chini ya kitako. Zilikuwa herufi za jina lake. Kiranja wa bweni hakuuliza maswali mengi. Ndoo ikarudi kwa mwenyewe, na yule aliyeniuzia akasema hanijui. Nikabaki bila ndoo na bila shilingi 500. (Kicheko.)

Wanaocheka zaidi ni wale waliokuwapo. Nami naisimulia kwa sababu miaka ishirini baadaye nilifanya kosa lile lile, ila safari hii kwa paundi.

Kazi niliyoipata Uingereza ilikuwa ya kuhudumia wazee majumbani mwao, katika vijiji vya kusini mwa mji wa Shrewsbury, huko Shropshire. Msidhani Uingereza yote ni London na magari ya moshi ya chini ya ardhi. Vijijini mabasi ni machache, na Jumapili ni kama hakuna. Nilianza kwa baiskeli. Desemba ikanifundisha kwamba saa kumi na mbili asubuhi bado ni usiku, barabara ina barafu, na bibi wa miaka tisini anakusubiri umtoe kitandani. Siku moja nilianguka njiani, nikafika nimechelewa saa moja na nusu. Hakunigombeza. Alikuwa amelowa, amejifunika blanketi, akaniuliza kama mimi mwenyewe sikuumia. Siku ile nikaamua kwamba gari halikuwa anasa tena.

Sasa, mgeni anayetaka gari kule hukutana kwanza na leseni, halafu bima, na gari lenyewe huja mwisho. Wengi wetu huanza na gari.

Leseni ya Tanzania unaruhusiwa kuitumia Uingereza kwa miezi 12 tangu siku unapoanza kuishi huko. Baada ya hapo haina kazi. Wenye leseni za Afrika ya Kusini na Zimbabwe wanaweza kubadilishiwa wakapewa ya Kiingereza, lakini sisi hatumo katika orodha hiyo. Hata kama umeendesha lori kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma kwa miaka kumi, unaanza upya pamoja na watoto wa miaka 17. Kuna mtihani wa nadharia wa maswali 50, nawe lazima upate 43, na sehemu ya pili ya kutambua hatari kwenye filamu, ambayo wataka alama 44 katika 75. Kisha unaendeshwa barabarani na mtahini. Makosa madogo wanakuvumilia hadi 15, kosa kubwa hata moja hawakuvumilii. Nilianguka mara ya kwanza kwa kutotazama vioo. Nilikuwa nikivitazama, ila kwa macho tu bila kugeuza kichwa, na mtahini hakuniona nikitazama. Jingine ni kwamba ukifanya mtihani huo kwa gari la otomatiki, leseni yako itakuwa ya otomatiki tu.

Bima ndiyo iliyonitoa jasho. Sheria inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na angalau ile tunayoiita bima ndogo. Kamera za barabarani husoma namba za magari na kuzilinganisha na orodha ya yenye bima. Ukikamatwa huna, faini ni paundi 300 na alama 6 kwenye leseni, na gari wanaweza kulichukua pale pale. Kwa leseni ya kigeni, bei ya kwanza niliyotajiwa ilikuwa paundi 1,640 kwa mwaka, karibu sawa na bei ya gari nililokuwa nikilitafuta. Miaka yako ya kuendesha nyumbani bila ajali aghalabu hawaihesabu.

Hapo ndipo rafiki wanapokuja na mashauri. Mmoja akaniambia, andikisha bima kwa jina la fulani mwenye leseni ya hapa, wewe ujiandikishe kama msaidizi wake. Huo ni udanganyifu, na siku ya ajali ndiyo siku unapogundulika. Jambo jingine lililotaka kuniponza sikulijua kabisa. Bima ya kawaida ni ya matembezi, na pengine ya kwenda kazini na kurudi. Mtu kama mimi, anayetoka nyumba hii kwenda nyumba ile kwa kazi, hana budi kukatiwa ya kazi. Niliokolewa na mwanamke mmoja kwenye simu aliyeniuliza, "Gari utalitumia kwa nini hasa?" Naomba vijana mliweke swali hilo akilini.

Sasa gari.

Mei 2016 mtu tuliyekutana naye kwenye harusi ya Watanzania alinipa namba ya simu ya muuzaji wa Birmingham. Nilipopiga, akaitika kwa Kiingereza. Alipolisikia jina langu akabadilisha akasema, "Kaka, shikamoo. Za siku nyingi?" Hatukuwahi kuonana, lakini nikaitikia marahaba. Akasema kwao ni Tanga, akaitaja Ngamiani barabara kwa barabara. Mke wangu kwao ni Tanga. Tulizungumza dakika arobaini, na katika dakika hizo gari lilichukua labda tano.

Gari lilikuwa Toyota Yaris. Hapa tunaliita Vitz, maana ndilo lililokuwa jina lake la Japani. Mnaona nilivyokuwa natekwa: lugha ya kwetu, mji wa wakwe zangu, na gari ambalo fundi yeyote wa Gerezani angelifungua amefumba macho. Alitaka paundi 1,900. Magari ya namna ile, ya mwaka ule, nilikuwa nimeyaona kwa 2,600 na 2,800. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa ndugu, badala ya kujiuliza kwa nini ndugu huyu anauza kwa hasara.

Nikapanda gari la moshi hadi Birmingham na fedha taslimu ndani ya soksi. Hakunipokea nyumbani kwake. Alisema mke amejifungua juzi na nyumba imejaa wageni, basi tukutane katika uwanja wa magari wa duka kubwa. Kadi ya gari alikuwa nayo, nyekundu kama zilivyo. Alinionyesha, akanichania kile kipande cha kijani kinachobaki kwa mnunuzi, akasema sehemu iliyobaki ataituma yeye mwenyewe Swansea, kwenye ofisi ya magari iitwayo DVLA. Cheti cha ukaguzi kilikuwapo. Ushuru wa barabara, alisema, umelipwa hadi Machi, "hiyo ni zawadi yangu kwako, kaka." Nilikagua injini, nikakagua tairi, nikazunguka nalo uwanja mara mbili. Lilikuwa zuri. Hata leo siwezi kusema lilikuwa bovu.

Nikamhesabia. Tukashikana mikono. Akanipa na sambusa za harusi kwenye karatasi ya fedha, nizile njiani.

Ndugu zangu, niliendesha gari lile wiki tisa, na yule bibi sikuchelewa kwake tena. Nyumbani nilituma picha, nimeegemea mlango. Katika wiki hizo kijana mmoja aliyesoma shule hii, nyuma yangu kwa miaka mingi, ambaye alikuwa mwanafunzi huko Coventry, aliniona nalo akaniuliza, "Kaka, hili umelipata wapi kwa bei hiyo?" Nami, kwa majivuno kidogo, nikampa namba ya simu.

Jumamosi moja ya Julai, katika barabara ya A49 upande wa Church Stretton, gari la polisi likawasha taa nyuma yangu. Askari alikuwa na adabu. Aliangalia leseni, akaangalia bima kwenye mashine yake, vyote vikawa sawa. Kisha akainama kwenye kioo cha mbele, upande wa chini, akasoma kitu na kukiandika. Akarudi garini mwake akakaa dakika kumi. Aliporudi alizima injini yangu yeye mwenyewe na kuchukua ufunguo.

Alichosoma ni namba ya chasi. Namba za mbele na nyuma zilikuwa za Yaris nyingine, ya rangi ile ile na mwaka ule ule, mali ya mama mmoja wa Kent ambaye kwa miezi kadhaa alikuwa akiletewa faini za miji asiyowahi kufika. Gari nililolikalia mimi liliibwa Leicester mwezi Machi. Mwizi alikuwa amelivika namba za pacha wake. Ndiyo maana nilipoingiza namba zile kwenye kompyuta ya serikali kabla ya kununua, kila kitu kilionekana safi, ushuru umelipwa na ukaguzi umepita. Nilikuwa nikisoma habari za gari la mama wa Kent.

Nilisimama kando ya barabara nikiwa na sare ya kazi, nikimpigia simu msimamizi wangu kwamba nyumba mbili zilizobaki sitafika. Baadaye niliandika maelezo polisi mara mbili kabla hawajaridhika kwamba mimi ni aliyeibiwa na si mwizi. Bima haikunilipa kitu. Sheria yao ni ile ya kiranja wetu wa bweni: asiye na mali hawezi kuiuza, na aliyeinunua kwake hapati kitu, hata kama alinunua kwa moyo safi. Gari likarudi kwa wenyewe. Naruhusiwa kumshitaki aliyeniuzia, lakini simu yake ilikuwa haipatikani tena kwangu.

Nasema kwangu, kwa sababu wengine walikuwa bado wanampata.

Ndugu Mwenyekiti, hapa ndipo nilipoombwa na nafsi yangu nipite haraka, nami sitapita. Gari lilichukuliwa Jumamosi. Jumapili nilimkumbuka yule kijana wa Coventry. Nilichukua simu, nikaiweka chini. Nilijiambia labda hajanunua. Nilijiambia nitampigia nikishajua mambo yamekwendaje polisi. Ukweli ni kwamba niliona haya. Mimi ni mkubwa kwake, nilikuwa kiranja, na watu wote wa nyumbani walikwisha kuiona ile picha. Siku zikapita tisa. Siku ya tisa alinipigia yeye, kwa furaha, kunishukuru. Alikuwa amelipa paundi 2,300 asubuhi ile. Zilikuwa sehemu ya ada yake.

Gari lake nalo lilichukuliwa kabla mwezi haujaisha. Tulikaa jikoni kwangu usiku mmoja nikamweleza zile siku tisa. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: kwa nini simu yangu ilikuwa na salio la kuwapigia polisi na haikuwa na la kumpigia yeye. Nilimlipa nusu, paundi 80 na kitu kila mwezi, kwa miezi 14. Nusu ya pili alikataa kuipokea, na sijawahi kujua kama ni kwa kunisamehe au kwa kutotaka kuwa na shughuli nami tena. Nilimwomba ruhusa ya kulisema hili leo. Alinipa, kwa sharti nisimtaje jina. Hayupo hapa.

Basi nieleze kile ambacho ningelimwambia, na ambacho ningelijiambia mwenyewe pale kwenye uwanja wa magari.

Hapa nyumbani ukitaka gari la mtu unauliza. Unamwuliza fundi wake, jirani yake, shemeji yake. Kabla hujalipa umekwisha kujua kama liliwahi kugongwa Chalinze na nani alikuwa amelewa. Ugenini huna fundi wala shemeji, na karatasi ndizo watu wako. Tena yafaa uzihoji kwa ukali zaidi anapokuuzia mtu wa kwenu, kwa kuwa kwa Mwingereza utaziangalia bila kuambiwa. Mimi sikudanganywa kwa karatasi. Nilidanganywa kwa shikamoo.

Namba ya chasi ndiyo herufi chini ya kitako cha ndoo. Mara nyingi inaonekana kwenye dashibodi kupitia kioo cha mbele, na imepigwa tena kwenye chuma cha mwili wa gari, pengine sakafuni chini ya zulia au kwenye nguzo ya mlango. Zisome zote, uzilinganishe na kadi. Zikitofautiana kwa tarakimu moja, au ukiona pamekwaruzwa, sema asante uende zako.

Kadi yenyewe, ambayo wao wanaiita V5C, ina maandishi mbele yanayosema kwamba hiyo si hati ya umiliki. Wengi hatuyasomi. Inaonyesha ni nani aliyeandikishwa kulitunza gari, basi. Jina na anwani ndani yake viwe vya huyo anayekuuzia, na mauzo yafanyike kwenye anwani hiyo, mlangoni, hata kama mke amejifungua. Inua karatasi kwenye mwanga uone alama ya maji yenye herufi DVL. Kadi tupu nyingi ziliwahi kuibwa miaka ya nyuma, zile za rangi ya buluu, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuletwa hizi nyekundu. Mauzo yakiwa ya kweli, kadi mpya yenye jina lako huletwa na posta baada ya wiki chache. Mimi nilingoja wiki tisa nikiilaumu posta.

Ushuru wa barabara ungeliweza kuniokoa siku ile ile. Tangu tarehe 1 Oktoba 2014 ushuru hauhami na gari. Muuzaji anarudishiwa miezi iliyobaki, na mnunuzi hana budi kulipa upya kabla ya kuliondoa, akitumia namba iliyo kwenye kile kipande cha kijani. Namba ya kughushi mashine haiipokei. Ndiyo maana nilipewa "zawadi": alijua kwamba nikijaribu kulipa mambo yatafichuka.

Kisha ule ukaguzi, MOT. Kila gari lililotimiza miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, na ada yake haizidi paundi 54.85. Uzuri wake ni kwamba historia yote iko wazi kwenye tovuti ya serikali, bure, pamoja na maili zilizosomwa kila mwaka. Niliiona historia ile nikafurahi kwamba "limepita". Sikutazama maili. Gari la mama wa Kent lilisomwa maili 74,000 mwezi Februari, na mimi mwezi Mei nilikabidhiwa gari lenye 58,000. Gari halirudi nyuma, ndugu zangu. Na kwa kuwa tumezoea magari ya Japani, kumbukeni kwamba namba zile ni maili wala si kilometa. Maili 58,000 ni zaidi ya kilometa 93,000.

Kuna deni pia. Magari mengi kule hununuliwa kwa mkopo, na hadi mkopo uishe gari si la anayeliendesha. Sheria yao ya mwaka 1964 humlinda mnunuzi wa kawaida aliyenunua kwa nia njema bila kujua deni, lakini ni afadhali kutolihitaji hilo kuliko kulithibitisha. Yako makampuni yanayokuuzia taarifa hizo kwa paundi chache, yakikueleza kama gari lina deni, limeibwa, au liliwahi kufutwa na bima baada ya ajali. Tangu Oktoba 2017 yale yaliyofutwa huandikwa kwa herufi: S ni lililoumia mifupa, N ni lililoumia kwingine, na A na B hayaruhusiwi kurudi barabarani kabisa. Namba za usajili zenyewe huonyesha umri. Tarakimu 07 ni la Machi hadi Agosti 2007, na 57 ni la Septemba 2007 hadi Februari iliyofuata.

Kuhusu chuma chenyewe nitasema machache, maana mafundi mnao. Sisi tumezoea kufungua boneti. Kule lala chini utazame tumboni, kwa sababu wakati wa baridi barabara hunyunyiziwa chumvi na magari huoza kutoka chini, kama yale yanayolala karibu na bahari huku kwetu. Ukute injini ya baridi. Muuzaji akiwa amekwisha kuipasha moto kabla hujafika, mwulize kwa nini. Ukitaka kuingia London au katikati ya Birmingham, fahamu kwamba magari ya zamani yenye moshi mchafu hutozwa, London paundi 12.50 kwa siku na Birmingham paundi 8. Dizeli nyingi zilizotengenezwa kabla ya Septemba 2015 zinaangukia humo, na ndiyo maana unaziona rahisi.

Na ujanja mmoja nilioufundishwa na mzee niliyekuwa nikimhudumia, fundi mstaafu. Ukimpigia simu mtu anayejiita muuzaji wa kawaida, sema tu, "Napiga simu juu ya lile gari." Akikuuliza, "Gari lipi?", huyo ana zaidi ya moja, ni mfanyabiashara aliyejificha. Anajificha kwa sababu ya sheria ya mwaka 2015. Ukinunua kwa mfanyabiashara, gari likionyesha ubovu uliokuwamo, una siku 30 za kulirudisha na kupewa fedha zako. Baada ya hapo, hadi miezi sita, huhesabiwa kwamba ubovu ulikuwamo tangu mwanzo mpaka yeye athibitishe vinginevyo, naye anapewa nafasi moja ya kutengeneza. Kwa mtu binafsi huna hayo. Inatosha gari liwe lake na liwe kama alivyolieleza.

Gari langu la pili nililinunua Machi 2017, nimekwisha kupata leseni yao. Lilikuwa Honda Jazz, hii tunayoiita Fit, kutoka kwenye yadi, kwa paundi 3,200. Nilichukua saa mbili na nusu. Nilisoma namba ya chasi mahali pawili nikiwa na tochi, na muuzaji akaniuliza kama mimi ni polisi. Siku ya 12, nikipanda mlima wa Long Mynd, klachi ikaanza kuteleza. MOT lilikuwa la wiki tatu tu, lakini ukaguzi ule haupimi klachi wala giaboksi. Nilipolirudisha, muuzaji alinionyesha risiti yenye mhuri usemao limeuzwa kama lilivyoonekana. Mwaka mmoja nyuma ningeliomba radhi na kuondoka. Nilimwandikia barua fupi yenye jina la sheria, tarehe ya mauzo na hesabu ya siku. Klachi ilibadilishwa kwa fedha zake, nami gari lile ninalo hadi leo.

Yule bibi alifariki mwaka 2018. Alipenda kupanda Honda ile kwenda kanisani, akilalamika kwamba naendesha polepole mno.

Ndugu Mwenyekiti, naona Mwalimu wa zamu anatazama saa, nami nakumbuka maana yake. Nimekuja na kadi ya gari langu, ya kweli. Kijana anayetaka kuiona aje hapa dirishani ambako pana mwanga, aitafute ile alama ya maji mwenyewe. Na kama kuna swali, nalipokea sasa.

(Makofi.)